Sahani Tisa za Changu

Haya yalitokea mwaka wa 1956, mwishoni mwa kiangazi, majuma machache kabla ya mvua za masika. Visima vya Msambweni vilikuwa vimepungua maji, mboga zilikuwa adimu, na kila nyumba ilipika muhogo, kwa sababu muhogo ndio uliolivumilia jua la mwaka huo.

Mwanaima binti Mbwana alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kila siku aliamka alfajiri, akafagia ua, akateka ndoo mbili za maji, kisha akaenda shule, ambako wasichana walikuwa wanne tu katika darasa zima. Baba yake alikuwa amefariki dunia. Kaka yake, Kibwana, alifanya kazi ya useremala Mombasa na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Waliobaki nyumbani walikuwa watatu: Mwanaima, mama yake Bi Mbeyu, na Mwanarusi, mke wa Kibwana, aliyeolewa kutoka Gazi mwaka uliotangulia. Mwanarusi alikuwa na mimba ya miezi sita.

Katika nyumba hiyo watu walikula katika sinia moja. Bi Mbeyu alitandika mkeka, wakanawa mikono, wakasema Bismillahi, na kila mmoja akala upande wake. Samaki akiwa mmoja, Bi Mbeyu ndiye aliyemgawa kwa vidole vyake, na fungu la mkiani lilikuwa la Mwanaima tangu alipoota meno. Hakuna aliyetengewa sahani ya peke yake isipokuwa mgeni au mgonjwa.

Siku moja Bi Mbeyu alimpeleka Mwanarusi hospitali kupimwa. Tangu jioni ya siku hiyo mambo yakabadilika. Mwanarusi aliondolewa kwenye sinia. Alitengewa sahani yake mwenyewe, si mara moja kwa siku, bali mara sita, kidogo kidogo. Asubuhi alipewa yai la kuchemsha. Baadaye alipewa kipande cha samaki aitwaye changu, aliyechemshwa kwa chumvi na ndimu, pamoja na mchicha, na pembeni nusu ya ndizi mbichi iliyochemshwa, basi. Hakupewa muhogo, wala sima, wala wali, na chakula chake hakikutiwa tui la nazi wala pilipili.

Mwanaima hakuona kilichoondolewa katika sahani ile. Aliona kilichotiwa tu. Aliona kwamba samaki aliyenunuliwa asubuhi aliingia jikoni mzima na kumalizikia kwa mtu mmoja, na kwamba katika sinia walibaki yeye na mama yake, muhogo na kisamvu. Fungu lake la mkiani lilikwenda lilikokwenda.

Alimwuliza mama yake sababu. Bi Mbeyu alimjibu kwamba mambo ya wajawazito si ya watoto, wala si ya kutembezwa mtaani, kwa kuwa macho ya watu hayana pazia. Yeye aliamini kwamba mimba hulindwa kwa kunyamaza, kama walivyoamini mama yake na bibi yake. Kwa hiyo hakumweleza binti yake neno lolote, na hilo lilikuwa kosa, kama itakavyoonekana.

Wivu ni mche usiohitaji maji. Mwanaima alianza kuhesabu sahani za wifi yake. Alisikia hata mlio wa kijiko chake. Wifi akilala mchana, Mwanaima alinong'ona kwamba malkia amepumzika. Wifi akiulizwa hali yake kabla ya watu wote, Mwanaima aliiangusha ndoo kwa kishindo kisicho na sababu.

Shuleni nako hakuachwa. Salimu, mwana wa mchuuzi aliyewauzia samaki, alijua changu wangapi waliingia nyumbani kwao. Wakati wa mapumziko alimsogelea mbele ya wenzake.

"Mwanaima, nieleze kwa uaminifu. Jana ulikula samaki, au ulikula harufu?"

Wenzake walicheka. Maneno yale Mwanaima alirudi nayo nyumbani kama mwiba wa mguuni.

Siku hizo Bi Mbeyu alikuwa akisuka makuti ya kuezekea nyumba mpya za Diani. Kila siku alipokwisha kuswali adhuhuri alikwenda kwa wasukaji wenzake na kurudi karibu na magharibi. Sahani ya alasiri ya Mwanarusi aliiacha tayari, na kazi ya kumpelekea ilikuwa ya Mwanaima.

Alasiri moja Mwanaima aliketi kwenye baraza ya uani akila muhogo wake wa nazi. Sahani ya changu ilikuwa kando yake, imefunikwa kwa kawa. Mwanarusi, ambaye hakuwa ametimiza miaka kumi na tisa, alitoka chumbani akakaa karibu naye. Hakulitazama kawa. Alikuwa akiutazama muhogo.

"Wifi yangu, hilo ni tui la kwanza?"

"La kwanza," alijibu Mwanaima. "Zito."

"Mimi nimesahau hata ladha yake. Kila siku maji ya chumvi, kila siku maji ya chumvi, kana kwamba mimi ni kaa. Nipe kipande kimoja."

"Nami nimesahau ladha ya changu," alisema Mwanaima.

Walitazamana. Mwanarusi alikuwa ameonywa na nesi, tena zaidi ya mara moja. Alijiambia kwamba kipande kimoja hakiwezi kuwa na neno. Mwanaima hakuwa ameambiwa lolote, lakini alijua vyema kwamba sahani ile haikuwa yake. Hata hivyo walibadilishana. Mwanaima alikula changu mpaka akainyonya mifupa, naye Mwanarusi akaumaliza muhogo wote na kulilamba tui vidoleni. Kisha wakaapiana kwamba Bi Mbeyu asijue.

Siku ya pili walifanya vivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Mwanaima alifurahi kwa namna mbaya: alihisi amerudishiwa kilicho chake. Kufikia siku ya sita aliona kwamba wifi yake alikuwa akinywa maji kopo baada ya kopo bila kukata kiu. Usiku alimsikia akigeuka kitandani, tumbo limejaa gesi na kiungulia kikimpanda kooni. Alfajiri alimsikia akitapika nyuma ya choo. Mwanaima alivuta shuka mpaka masikioni. Hakujua maana ya dalili zile, wala hakutaka kuijua. Alasiri alipeleka sahani tena, na akala changu tena.

Siku ya kumi, kabla ya adhuhuri, Mwanarusi alianguka akienda kuanika nguo. Majirani walimlaza juu ya mkokoteni na kumpeleka hospitali, Bi Mbeyu akitembea ubavuni na kumfunika jua kwa leso yake. Mwanaima alitoka shule akaikuta nyumba tupu. Alipoambiwa yaliyotokea, alikimbia njia nzima.

Nesi wa wajawazito aliitwa Kadzo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu. Alitia matone machache ya mkojo wa Mwanarusi katika kichupa chenye dawa ya buluu, akakipasha moto juu ya taa ya spiriti. Wote walikitazama. Dawa iligeuka kuwa ya kijani, ikawa ya manjano, kisha ikawa nyekundu kama tofali lililochomwa.

"Juma lililopita ilibaki karibu na buluu," alisema Kadzo. "Leo mkojo huu umejaa sukari. Mama Kibwana, umemlisha nini?"

Bi Mbeyu aliapa kwamba hakumpa ila alichoagizwa. Alitaja kila yai na kila samaki. Wakati huo akaingia Bi Menza, mama yake Mwanarusi, ambaye alikuwa amepata habari Gazi na kupanda lori la makaa ili awahi. Waliamkiana kwa adabu yote, wakaulizana hali za nyumba zao, kisha Bi Menza akasema alilolijia.

"Mwanangu nilikukabidhi mzima, Bi Mbeyu. Sikulaumu. Labda kwenu samaki ni ghali. Kesho nitamchukua kwetu. Mimba ya kwanza hulelewa kwa mama."

Mwanaima hakuwa amewahi kumwona mama yake akitukanwa kwa upole namna ile.

Kadzo aliwasihi wasifanye haraka. Alieleza kwamba kuna wajawazito ambao miili yao haiwezi kuimudu sukari, na kwamba muhogo, sima na wali, vikiisha kuliwa, hugeuka kuwa sukari mwilini. Ndiyo maana aliagiza viondolewe, aachiwe nusu ya ndizi tu. Na kwa kuwa Mwanarusi alikuwa na tumbo jepesi lisilostahimili tui wala pilipili, aliagiza chakula chake kichemshwe na kiliwe kidogo kidogo. Sukari ikimzidi, alisema, mtoto anaweza kukua kupita kiasi na kuzaliwa kwa shida, au asizaliwe hai. Mwanarusi alipaswa kupimwa kila juma. Gazi hakukuwa na nesi wa kumpima.

Mwanaima alisimama mlangoni. Alielewa kwa mara ya kwanza kwamba ile sahani iliyomwumiza moyo haikuwa heshima. Ilikuwa dawa. Alimtazama wifi yake kitandani, naye Mwanarusi akamtazama kidogo, kisha akageukia ukutani. Ilikuwa wazi kwamba hatasema. Mwanaima naye akinyamaza, mama yake angebaki na lawama, na wifi yake angekwenda Gazi, mbali na ile dawa ya buluu.

"Mama hana kosa," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, ikambidi arudie. "Mama hana kosa. Samaki wa wifi nimemla mimi. Yeye alikula muhogo wangu."

Mwanarusi akaanza kulia, akakiri kwamba yeye ndiye aliyeomba kwanza.

Bi Mbeyu alimwuliza binti yake, "Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu. Niliona unampenda kuliko mimi."

"Mara ngapi?"

"Sahani tisa."

Bi Mbeyu hakuinua mkono wala sauti. Alikaa kitandani kando ya mkwe wake, akamwambia Mwanaima asimame mbele yake na kumtazama usoni.

"Nisikilize, na ulishike hili maisha yako yote. Mtu mwenye wivu huitazama sahani ya mwenzake, haitazami njaa ya mwenzake. Wewe ulitamani samaki wa mtu ambaye alikuwa akitamani muhogo wako, na mngeweza kumwua mtoto kati yenu. Ulipomsikia akitapika ulikuwa na ulimi, na hukuutumia. Nami ninalo kosa langu: niliogopa macho ya jirani, nikamficha sababu mtu ninayelala naye chumba kimoja. Aliyeambiwa ukweli hulinda. Aliyefichwa hubuni lake. Umesema kweli leo, tena kabla ya kuulizwa, na kwa hilo ninamshukuru Mungu. Lakini ukweli haurudishi kilicholiwa. Sahani tisa utazilipa."

"Nitazilipa, Mama."

Bi Menza aligeuza uso akaifunga leso yake upya, ingawa haikuwa imelegea. Alimwomba Bi Mbeyu radhi kwa maneno yake, na Bi Mbeyu akampa. Wakakubaliana kwamba Mwanarusi abaki Msambweni mpaka ajifungue, na kwamba Bi Menza akae naye.

Kadzo alimzuia Mwanarusi hospitali siku nne. Aliporudi nyumbani, hakuna aliyekula muhogo mbele yake. Bi Mbeyu alimweleza Mwanaima kila agizo, neno kwa neno, na sasa Mwanaima ndiye aliyeipima ndizi na kuikata nusu.

Kulipa hakukuwa rahisi. Bi Menza alikuwa mtu wa Gazi na alijua kutanda, yaani kuvua samaki wadogo kwa leso, wanawake wawili wakiishika pembe zake na kuizamisha katika maji machache wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Alimchukua Mwanaima. Maji yaliwafika magotini, mawe yaliwakata nyayo, na mara nyingi leso ilitoka na majani matupu.

"Inamisha mgongo," alisema Bi Menza. "Ulipokuwa ukila changu hukuwa umesimama wima hivyo."

Siku nyingine walipata vidagaa vya kutosha sahani moja, siku nyingine mbili, siku nyingine hawakupata kitu. Salimu aliwaona akauliza shuleni kama kwao wameanza kuvua nguo za kufua. Mwanaima alimjibu kwamba analipa deni, akaendelea kuandika.

Bamvua la kwanza lilipita akiwa amelipa sahani nne. Mvua zilianza. Katika juma la pili la mvua Kadzo alikipasha moto kichupa chake, na dawa ikasimama kwenye kijani. Juma lililofuata ilibaki buluu. Kiu ya Mwanarusi ilikuwa imekwisha, kiungulia kimetulia, na mtoto alikuwa akicheza tumboni kwa nguvu.

Bamvua la pili lilipofika, Mwanaima alilipa ya tano, ya sita, ya saba na ya nane. Siku ya mwisho ya bamvua hilo, katika manyunyu, alirudi na vidagaa vya sahani moja. Alivisafisha mwenyewe, akavichemsha kwa chumvi na ndimu, akaweka mchicha na nusu ya ndizi, akampelekea wifi yake chumbani.

"Hii ni ya tisa," alisema.

Mwanarusi alimwona alivyolowa na kutetemeka. Aliigawa sahani kwa kidole, akamsogezea upande mmoja. "Kaa ule nami, wifi yangu. Hizo nane zinatosha."

"Nilikula tisa," alijibu Mwanaima. "Deni la sahani nzima halilipwi nusu."

Akairudisha sahani mbele ya wifi yake, akaketi chini kwenye mkeka, akangoja mpaka Mwanarusi alipokula kidagaa cha mwisho.