Mpaka Juu ya Paa la Jikoni

Kila asubuhi Kiguu alimsubiri binamu yake penye rundo la mawe meupe, pale shamba la mama yake lilipopakana na shamba la mjomba. Jina hilo alilipata kwa mjomba huyohuyo, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia, hatulii nyumbani. Binamu yake aliitwa Domo, na sababu yake ungeijua ukikaa naye kidogo tu. Domo na wazazi wake waliishi nchi moja. Kiguu na mama yake waliishi nchi nyingine. Shule ya karibu ilikuwa upande wa akina Kiguu, basi Domo alivuka mpaka kila siku, mkoba mgongoni na maneno mdomoni.

"Simama hapo! Pasipoti yako iko wapi?" Kiguu alimtania.

"Mbuzi ameila. Nipishe, we, kengele italia!"

Yale mawe hayakumshughulisha mtu. Yalipakwa chokaa zamani, na mbuzi waliyatumia kujikuna migongo. Watu walijua kwamba ule ni mpaka kama mtu ajuavyo kwamba ana kisigino: upo, lakini nani ana muda wa kuufikiria?

Kisha ukaja msimu wa upepo. Mabati ya jiko la mama yake Kiguu yakaanza kupiga kelele usiku kucha. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake barazani.

"Mwanangu, chukua toroli uende bondeni ulete mawe mazito ya kukandamiza mabati. Fanya hima kabla upepo haujarudi."

Bondeni kulikuwa mbali, na njia ya kurudi ilikuwa mlima mtupu. Wenzake walikuwa wakiruka kamba barabarani, na Kiguu aliwasikia wakihesabu. Akasukuma toroli hadi mpakani. Akapakia yale mawe meupe yote, akarudi, akapanda ngazi na kuyapanga juu ya paa, upande wenye chokaa akiulaza chini.

"Ama kweli umekua," mama alimsifu. Kiguu akatazama chini, akakimbilia barabarani kwa wenzake.

Kesho yake Domo alisimama mpakani akishangaa. "Mawe yamekwenda wapi?"

"Sijui," Kiguu alijibu haraka. "Labda wenyewe wameyachukua."

Wenyewe walikuja wiki iliyofuata.

Wasichana hao wawili walikuwa wakirudi kutoka shule walipoona magari mawili yamesimama shambani. Askari wa nchi moja walisimama upande huu na askari wa nchi nyingine upande ule, bunduki mabegani. Katikati yao alikuwepo mama mmoja wa makamo, miwani ikining'inia kifuani, akifungua chombo chenye miguu mitatu. Huyo alikuwa mpima ardhi. Nchi zote mbili zilikuwa zimemtuma akague alama za mpaka.

"Alama imeng'olewa!" alifoka afande wa upande wa Domo. "Na maharage ya huyu bwana yamefika mpaka hapa. Amesogeza mpaka aongeze shamba!"

"Yaani ameiba ardhi yetu sisi," akadakia afande wa upande wa pili. "Hili hatutalinyamazia."

"Afande, naapa sijagusa jiwe hata moja," alisema mjomba. Jembe lilikuwa bado mkononi mwake. Askari mmoja alilichukua, mwingine akamshika mkono na kumpandisha nyuma ya gari.

"Baba!" Domo aliita. "Baba, wanakupeleka wapi?"

"Nenda kwa shangazi yako. Usilie."

Afande wa upande wa Domo alisema anayeng'oa alama ya mpaka hupelekwa mjini akashtakiwe. Maafande wawili wakaanza kujibizana nani ana haki ya kumchukua, sauti zikipanda, na askari wa kila upande wakashusha bunduki kutoka mabegani. Kiguu alimvuta Domo wakakimbia.

Mama aliwasukuma ndani, akafunga mlango wa uani kwa komeo. "Kaeni hapo! Naenda kuwasihi," alisema huku akitafuta khanga yake. Akatoka kupitia mlango wa mbele.

Domo aliketi kwenye kona. Hakusema neno, naye hakuwahi kukosa la kusema tangu azaliwe. Ukimya ule ulimwogopesha Kiguu kuliko bunduki. Wakija kupekua je? Wakitazama juu ya paa? Watamfunga yeye. Au watamfunga mama, maana jiko ni la mama!

Alifungua komeo, akanyata uani, akaegemeza ngazi ukutani na kupanda. Alitaka kuyatupa mawe yote shimoni kabla mtu hajayaona. Alilishika la kwanza, likamponyoka, likabingirika juu ya mabati kwa kishindo na kuanguka chini, upande mweupe juu.

Domo alikuwa amesimama hapohapo.

Alilitazama jiwe. Kisha akamtazama Kiguu. "Kumbe wewe," alisema polepole. "Na mimi nikakuuliza."

"Domo, usiseme! Nakuomba. Watanifunga. Watamfunga mama."

"Baba'ngu wameshamshika."

"Nilikuwa mvivu tu! Sikujua!"

Domo alijifuta pua kwa mkono wa shati la shule. "Mimi sitasema kitu. Mdomo wangu ni mkubwa, lakini hili si langu. Sema wewe."

Nje, injini ya gari ikaanza kunguruma.

Kiguu hakukumbuka baadaye alivyoshuka ile ngazi. Alijikuta anakimbia na jiwe kifuani, pumzi zikimtoka, moyo ukigonga kama cherehani ya mama. Askari mmoja alipaza sauti, "Simama!" naye akasimama.

"Shikamooni," alisema, kwa kuwa hakujua pengine pa kuanzia. "Mawe niliyachukua mimi. Yako juu ya paa la jiko letu."

"Nani alikutuma?" afande aliinama mpaka Kiguu akaona jasho kwenye masharubu yake. "Mjomba wako?"

"Hapana, afande. Mama alinituma mawe ya bondeni. Nikaona mbali, nikachukua haya. Mjomba hajui. Mama pia hajui."

"Mungu wangu, mwanangu!" mama alilia.

Mpima ardhi alipokea jiwe, akalipangusa. "Zimeni hilo gari," aliwaambia maafande. "Mlianza kugombana hata sijapima. Binti, nionyeshe rundo lilipokuwa."

Kiguu alionyesha kwa kidole kilichotetemeka. Mpima akapima kwa chombo chake, akaagiza pachimbwe. Jembe la mjomba, mikononi mwa askari, likagonga chuma.

"Huu ndio mpaka wenyewe," alisema. "Fimbo hii ya chuma imezikwa hapa tangu zamani. Mawe yalikuwa ya kuionyesha tu. Na maharage hayakuvuka hata shubiri."

Afande alikohoa, akaangalia pembeni. Mjomba akashushwa garini, na Domo akamrukia shingoni.

"Lakini nani aliuweka mpaka katikati yetu?" Domo aliuliza, sauti ikiwa imemrudia. "Babu alikuwa analima pande zote mbili!"

Mpima alivaa miwani. "Dola mbili za Ulaya zilikuwa zinagombania nchi hizi. Wakubwa wao wakaketi kwao, ng'ambo ya bahari, wakatandaza ramani yenye sehemu nyingi tupu. Wakaweka rula, wakapiga mstari, wakatia saini mkataba. Hawakuwahi kukanyaga hapa, wala hawakumuuliza mtu. Rula haioni nyumba, mwanangu, wala haijui nani ni ndugu ya nani."

"Mbona hamkuufuta tulipopata uhuru?"

"Viongozi wetu waliogopa. Kila nchi ikianza kusogeza mpaka wake, tutauana. Wengi wakakubaliana mipaka ibaki kama walivyoikuta. Na leo umeona jinsi mawe machache yanavyoweza kuwafanya watu washike bunduki."

Aliamua kwamba Kiguu atayarudisha mawe yote mwenyewe na kuyapaka chokaa upya, naye mama akaongeza adhabu yake. Magari yakaondoka, kila moja upande wake.

Kiguu alibaki ameinamisha kichwa. Mjomba akachuchumaa mbele yake. Vidole vyake bado vilikuwa vikitetemeka.

"Nisamehe, Mjomba. Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa mle garini, mpwa wangu, tena sana. Kuogopa si kosa. Kosa ni kumwacha mwenzako aogope badala yako."

Akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka mikono yote miwili ikatulia.