Kipande Kilichobaki Kwenye Friza

Jumanne, tarehe tisa, saa nne asubuhi. Kinyozi alikuwa anamnyoa jirani yake, wakitaniana kama kawaida yao, mara mashine ikamponyoka. Akajishika kisogo. "Kichwa kinapasuka," alisema, na hakuna aliyejua kwamba anasema kweli tupu.

Daktari alimweleza mkewe taratibu. Mshipa wa damu kichwani ulikuwa umevimba kama puto, ukapasuka. Waliuziba. Lakini ubongo nao ukavimba, ikabidi watoe kipande cha fuvu upande wa kushoto, upana wa kiganja. Kipande kiliwekwa kwenye friza la hospitali, kingoje uvimbe ushuke kirudishwe.

Siku alipozinduka, Kinyozi alijipapasa.

"Mama watoto, nani kaninyoa hivi? Hata kondoo angelalamika."

Mkewe alicheka huku machozi yanamtoka.

"Na mfupa wangu?"

"Upo. Wameuhifadhi."

"Nikifa, usikubali nizikwe nusu, mke wangu."

"Hufi. Lakini nakuahidi."

Kumbe maambukizi yalikwisha kuingia kwenye utando wa ubongo. Joto likapanda, maneno yakapotea, na Ijumaa Mungu akamchukua.

Mjane hakuweza hata kusimama, kwa hiyo mdogo wa marehemu ndiye aliyekwenda kuuchukua mwili. Aliporudi, mjane alimuuliza swali moja tu.

"Shemeji, wamemrudishia mfupa wake?"

"Wamerudisha, shemeji. Yuko mzima."

Wakazika.

Waombolezaji walipotawanyika, asubuhi ya kwanza, mjane aliukuta mto wa mumewe umelowa. Akadhani ni machozi yake. Akaugusa. Ulikuwa baridi kama barafu.

Akauanika juani. Asubuhi ya pili, vilevile. Upande wa kushoto tu.

Ya tatu, mto ulikuwa na alama ya kichwa. Alama haikutimia.

Akaenda hospitali. Mtunza friza alimtazama kwa huruma. "Mama, tulimwomba shemeji yako asubiri Jumatatu, daktari akirudishe kipande. Akasema ana safari zake, na maiti hana kazi na fuvu."

Ndugu wa tumbo moja, huyo. Mjane hakulia. Alikipokea kipande, chepesi kuliko alivyodhani, akakizika ubavuni mwa kaburi kwa mikono yake mwenyewe.

"Nimekuletea," alinong'ona. "Mdogo wako alinidanganya."

Kesho yake mto ulikuwa mkavu.

Adhuhuri mlango ukagongwa. Alikuwa shemeji. Jua linachoma, naye kavaa kofia ya sufu. Bega lake la kushoto limelowa.

"Shemeji," alinong'ona, "mto wangu..."

Akavua kofia.

Hakuna jeraha. Hakuna mshono. Nywele ziko palepale. Lakini upande wa kushoto pamebonyea, upana wa kiganja. Na ngozi ya pale ilikuwa inapigapiga.

"Hospitali wanasemaje?"

"Wamepiga picha. Mfupa haupo. Wananiuliza nani alinipasua. Niombee, shemeji."

Mjane akafumba macho, akainua mikono.

"Ee Mungu, mpokee mume wangu. Sasa ametimia. Mlaze mahali pema..."

Shemeji akainamisha kichwa, akingoja asikie jina lake.

"...na umpe pumziko lisilokatizwa na mtu. Amina."