Jeki ya Mbugani

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imekatika, Ditram akaona heri akaze boliti za gia boksi ya Kanta, lori lake dogo, mwenyewe, nyumbani kwake Mikumi. Fundi Lupakisyo, jirani yake, akachungulia juu ya ua na kuguna.

"Bwana Ditram, jeki tupu kwenye tope? Weka hata gogo basi."

"Dakika moja tu, fundi," Ditram akajibu, tayari yuko chali chini ya gari. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jeki yenyewe, ukitaka kujua, aliiokota barabarani kule mbugani, siku lori lilipopinduka. Utingo alikuwa amebanwa chini, analia, na watu wanambembeleza: "Tulia, tunatafuta jeki." Ditram akaiona imerukia kwenye nyasi. Akaipakia kwenye Kanta, akaondoka zake, na utingo akafia palepale. Roho gani ile, sijui.

Basi, akapapasa spana, mkono haufiki. Mkono mwingine ukamsogezea.

"Ahsante, mama Goodhope. Umesharudi gengeni?"

"Nimerudi," ikajibu sauti ya mkewe, karibu na gurudumu.

Akaomba nyundo, akapewa. Akaomba tambara, akapewa, limelowa chapachapa. Hakutazama limelowa nini, maana boliti ilikuwa imeanza kukubali.

Ndipo geti likalia.

"Baba Goodhope!" Alikuwa mkewe, kwa mbali, nyanya zimemwagika. "Toka! Jeki inazama!"

"Usitoke," ikanong'ona ile ya karibu. "Huyo siyo mimi."

Ditram alisitasita. Kisha akageuza shingo. Getini aliona miguu ya mkewe na kandambili zake. Karibu na gurudumu hapakuwa na miguu ya mtu.

Akajisukuma kwa visigino. Mgongo haukunyanyuka. Akasukuma tena. Gari likashuka, likagusa kifua. Halikuwa na haraka.

"Tulia," sauti ikasema, sasa ya kiume. "Tunatafuta jeki."

Mkewe alimvuta miguu mpaka viatu vikamtoka. Lupakisyo alipofika na jeki yake, mwenzao alikuwa ameshakata roho.

Waliomwosha walimgeuza. Mgongoni, pale palipokuwa pamelalia udongo, palikuwa na viganja viwili vya oili, vidole vimekunjwa kama vya mtu anayeshikilia kutokea chini. Walisugua kwa sabuni, wakasugua kwa mafuta ya taa. Mwishowe wakamvika shati, wakamzika navyo.