Vipete Vyekundu

Shule zilipofungwa, Chiriku alikuwa akimfuata mama yake kazini kila asubuhi. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akila, aliongea akifagia, hata akipiga mswaki alijaribu kuongea.

Mama yake alikuwa fundi umeme. Wiki hiyo alikuwa akitandaza nyaya katika kiwanda kidogo cha mikate mtaa wa pili kutoka kwao. Kebo zenyewe zilivikwa gamba la chuma ili panya wasizitafune na toroli za unga zisizichubue. Huku umeme ukiwa umezimwa, mama alikata gamba kwa msumeno mdogo, akalivua kama anayemenya muwa, nyaya za rangi zikachomoza. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya Chiriku: kuingiza kipete chekundu cha plastiki kati ya nyaya na ukingo wa gamba.

"Gusa ukingo huu. Polepole," mama alimwambia.

"Uwii! Kama wembe!"

"Ndiyo. Mashine ikitetemeka, ukingo huo unasugua nyaya mpaka ngozi yake inatoboka. Kipete ndicho kinachozilinda."

Kisha mama aliingiza kebo katika kisanduku cha chuma, akaikaza kwa kibano, na kufunga waya wa kijani kwenye skrubu ya kisanduku.

"Na huu wa kijani ni wa nini, mama?"

"Ni waya wa ardhi. Umeme ukitoroka ukashika chuma, huu unaupa njia ya kwenda ardhini, na swichi inajikata. Bila huu, njia ya umeme itakuwa mwili wa mtu aliyegusa."

"Sasa kama huu upo, kipete cha nini tena?"

Mama alicheka. "Gari lina breki, mwanangu. Je, dereva afumbe macho?"

Mchana rafiki yake aliyeitwa Mashavu alichungulia dirishani. "Jamani, pete nzuri hizo! Nigawie, tukacheze harusi."

Chiriku alimjazia kiganja. Alidhani vilivyobaki vingetosha. Havikutosha. Kebo ya mwisho, ile ya mashine ya kukandia unga, ilikosa kipete. Wakati huo mwenye kiwanda alikuwa amesimama na mama, akimuuliza hili na lile.

"Hiyo tayari?" mama aliuliza.

"Tayari," Chiriku alijibu.

Mama aliichomeka kebo, akaikaza, akafunga kifuniko huku bado akimjibu mwenye kiwanda. Baadaye alipita na kipimo chake kisanduku baada ya kisanduku. Vyote vilikuwa sawa, hata kile cha mwisho, kwa kuwa nyaya zilikuwa bado mpya, ngozi yake haijatoboka.

"Fundi, fanya hima!" mwenye kiwanda alisema. "Unga umeshatiwa hamira. Ukichelewa utatoka wenyewe ukatembee mtaani."

Watu waliangua kicheko. Chiriku peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama mwanamke mmoja mkandaji, mikono imelowa maji, ambaye tayari alikuwa ameegemea chuma cha mashine akisubiri iwashwe. Mama alikwenda kwenye swichi kuu.

"Mama, usiwashe!" Sauti ilimtoka kama kilio. "Ile ya mashine haina kipete. Nilimpa Mashavu. Nimekudanganya."

Mwenye kiwanda alishika kichwa. "Na unga wangu?"

"Kaka, niwie radhi," mama alisema. "Sitawasha." Alimgeukia Chiriku. "Kimbia ukavilete."

Chiriku alitoka mbio. Alimkuta Mashavu amevaa vipete vidole vyote, na kile cha kidole gumba kilikataa kutoka mpaka walipotumia sabuni. Aliporudi akitweta, wakandaji walikuwa wamekunja mikono ya nguo, wanaukanda ule unga kwa nguvu zao ili usiharibike. Mwenye kiwanda naye alikuwamo, jasho likimtiririka, akilalamika kuhusu kiuno chake. Chiriku alinawa na kuwasaidia huku machozi yakimlengalenga.

Mama alifungua kisanduku, akachomoa kebo na kumwonyesha. Ukingo wa gamba ulikuwa umekwishaacha mkwaruzo mwembamba juu ya waya kwa kule kukazwa tu. Alikata sehemu ile, akavua gamba upya, akampa Chiriku kipete. Safari hii alikagua kwa macho yake kabla ya kufunga. Swichi ilipopandishwa, mashine ilinguruma na unga uliobaki ukaanza kuzunguka.

Walipokuwa wakikusanya vifaa, Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo, "Umenikasirikia, mama?"

"Nilikasirika. Nawe umewatoa watu jasho bure. Lakini na mimi nilikosa. Kazi ya mtoto hukaguliwa na mkubwa, na mimi niliifunika bila kuitazama." Alimshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Kipimo hakikuona kosa, na mimi sikuliona. Uliyelijua ni wewe peke yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea, sema mapema, hata kama watu watanuna. Mtu akinuna, kesho atacheka. Akiumia, hatuna la kumrudishia."

Kisha akamkabidhi mfuko wa vipete vilivyobaki, auweke yeye mwenyewe ndani ya sanduku la vifaa.