Diski Inayojisafisha Yenyewe

Giza lilikuwa likiingia Mikinduri. Kathure alikuwa ameshateremsha nusu mlango wa duka lake la kompyuta, Nelius alipoinama kwa shida akapita chini yake, tumbo la miezi minane likimtangulia. Kwapani alikuwa na laptopu ya marehemu babake, Mzee Mbaka.

"Mama Kendi, nisaidie. Nimeisha."

Kathure aliijua mashine ile. Ndiye aliyeitoa diski kuukuu iliyokuwa ikikwaruza, akaitia SSD, diski ya kisasa ya chipu tupu. Na alivyomwonya mzee siku ile! Wajuaji wa mitandaoni wana dawa chungu nzima: zima hiki, badilisha kile, ndipo SSD idumu. Upuuzi mtupu. "Usiguse kitu, mzee," alimwambia. "Mfumo unajua kazi yake. Ukifuta faili, unasafisha mpaka alama."

Alikuwa sahihi. Lo, heri angekosea!

Kwani mzee alikuwa amerekodi sauti mbili. Ya kwanza alirekodi kwa hasira, aliposikia mimba ya Nelius haina mwenyewe: *Ukizaa, mtoto wako asikujue.* Ya pili alirekodi akiwa kitandani, akiiondoa laana ile na kumbariki. Alipokufa, Mutwiri, kakake Nelius, akaifuta hiyo ya pili ili dada aliyelaaniwa asigawiwe shamba la miraa. Na huku Meru nani asiyejua? Laana ya mzazi huondolewa na aliyeitamka. Akizikwa nayo, haina fundi.

"Irudishe," Nelius akasihi. "Wazee wanakutana kesho kugawa shamba. Wasikie tu alinisamehe."

Kathure alijaribu kila programu aliyoijua. Diski ya zamani ingebakiza hata kipande. Hii ilikuwa nyeupe pe. Msamaha ulikuwa umesafishwa, tena kwa ushauri wake mwenyewe. Aliona haya, akashindwa kumtazama mwenzake usoni.

"Imeenda, Nelius. Pole."

Nelius alilia bila sauti. Kisha akasema, "Basi futa na hiyo ya laana. Aki, ifute."

Kathure akaifuta. Akaiamuru diski ijisafishe papo hapo. Folda ikabaki tupu.

Ndipo wakasikia harufu ya ugoro.

"Baba alikuwa ananusa..." Nelius akanong'ona.

Krr... krr... krr...

Mkwaruzo ulitoka ndani ya laptopu. Lakini SSD haina kinachozunguka, haina cha kukwaruza! Kathure aliizima mashine, akafungua skrubu, akaichomoa diski na kuiweka mezani. Kipande chembamba, hakina waya, hakina umeme.

Krr...

Mtu akakohoa. Kikohozi kilekile cha mzee.

"Nani amefuta msamaha wangu?"

"Mutwiri, baba! Ni Mutwiri!"

"Mutwiri alitupa. Nani alisafisha?"

Nelius alijiziba mdomo. Hakutaka kusema, maskini. Ila macho yalimsaliti, yakamgeukia Kathure.

"Mtoto wako asikujue."

"Mimi, baba?" Nelius akauliza, akishika tumbo. "Unaniambia mimi?"

Kathure hakungoja jibu. Aliliacha duka wazi, akakimbia kuteremka hadi nyumbani, alikoishi na Kendi peke yao, wawili tu. Taa ilikuwa inawaka. Akagonga.

"Kendi! Fungua, mami. Ni mimi."

Nyayo ndogo zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Chini ya mlango ikapita harufu ya ugoro.

"Wewe ni nani?"

"Ni mama!"

"Mama yangu ako hapa ndani," Kendi akasema. "Anapika."

Ndani, mtu akakohoa.

Kathure alisukuma mlango kwa bega, akapiga ngumi, akataja jina lake, akataja siku aliyomzaa. Kadiri alivyozidi kupiga, ndivyo mtoto alivyozidi kulia kwa hofu, akiita, "Mama, mfukuze! Mfukuze!"

Mwishowe Kathure aliacha kugonga. Akarudi nyuma hatua chache, akasimama gizani, ili asizidi kumtisha mtoto.