Samansi Iliyokatwa Kola

Fundi alikuwa hodari wa kushona, na hodari zaidi wa kuahidi. Kila nguo ilikuwa tayari kesho. Cherehani yake ilikaa katika chumba kidogo ubavuni mwa nyumba, na chumba hicho ndicho kilichosomesha watoto wake wanne.

Jumatano moja Mzee Jaji alikuja kufuata suruali yake. Mtaani walimwita hivyo kwa sababu kabla ya kustaafu alikuwa Jaji Mkuu, kiongozi wa mahakama zote nchini.

"Shikamoo, Mzee. Suruali bado kidogo tu."

"Marahaba. Uliniambia Jumatatu, mwanangu."

Fundi akainamia kitambaa, akijitia ana haraka. Juu ya kitambaa alikuwa amebana kwa pini karatasi iliyokatwa umbo la kola. Mzee akavaa miwani.

"Kola hii ina muhuri wa mahakama," alisema.

Fundi alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Ililetwa juzi na mtu wa mahakama," alieleza. "Jirani yangu seremala anadai chumba hiki kimejengwa kwenye kiwanja chake. Uongo mtupu. Baba watoto kasema nisihangaike, ukweli ni wetu. Nikaona karatasi yenyewe ngumu, inafaa kwa kola."

"Hii ni samansi, wito wa mahakama. Hakimu hajui ukweli wako mpaka umwambie. Usipojibu, na usipokwenda, kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja. Chumba kitakwenda hivi hivi."

Fundi akaanza kuchomoa pini kwenye karatasi. Bila chumba kile angeshonea wapi?

"Basi, Mzee, si umpigie hakimu simu? Wewe ulikuwa mkubwa wao."

Mzee alivuta kigoda akakaa.

"Nilianza kazi nikiwa karani, nabeba majalada. Nikasoma, nikawa hakimu, nikawa jaji, mwisho nikaziongoza mahakama zote. Miaka yote hiyo sikumpigia hakimu yeyote simu ya kumpendelea mtu. Dada yangu wa damu aliniomba, nikakataa. Alininunia mwaka mzima. Simu ikipigwa leo kwa ajili yako, kesho itapigwa kwa ajili ya seremala."

"Sasa nifanye nini?"

"Kesho asubuhi nenda masjala ya mahakama, pale wanapotunza majalada. Omba nakala nyingine ya samansi na ya madai. Uliza majibu yanaandikwaje, na uyapeleke kabla siku zilizowekwa hazijaisha. Siku ya kesi nenda mapema. Beba hati ya kununua kiwanja. Nenda na mashahidi waliokuwepo mkinunua."

Jioni ile mume aliyesema wasihangaike alipekua masanduku yote mpaka akaipata hati.

Siku ya kesi ilipofika, Fundi alimsihi Mzee amsindikize.

"Nikiingia mle, hakimu ataniangalia mimi badala ya kukusikiliza wewe," alijibu. "Nenda. Nitakulindia chumba."

Mahakamani seremala alisema yake. Fundi naye, hati mkononi, akasema yake. Mashahidi wakaeleza walichokiona. Hakimu akaagiza mpaka upimwe. Mpimaji alipofika, alikuta chumba kimo ndani ya kiwanja cha Fundi kwa hatua mbili nzima. Kumbe seremala alikuwa akiamini ua wa zamani ndio mpaka.

Siku ya hukumu Mzee alilinda chumba tena, na Fundi akashinda. Nje ya mahakama seremala alimpa mkono, akaahidi kumtengenezea benchi la wateja. Fundi alirudi nyumbani mbio, nakala ya hukumu mkononi, furaha imemjaa.

Alikuta chumba kimejaa watu. Mzee Jaji amekaa kigodani na daftari mapajani.

"Hongera sana, mwanangu," alisema. "Sasa hapa kuna kesi kumi na moja dhidi yako. Wateja wamekuja kufuata nguo zao, nami nimeandika kila dai na tarehe uliyoahidi. La kwanza ni la suruali yangu."

"Mzee, naomba nami nisikilizwe."

"Ni haki yako. Tunakusikiliza."

Wote wakamtazama. Fundi aliichukua suruali ya Mzee. Kisha akakaa kwenye cherehani, akaimalizia suruali palepale mbele yao.