Namba ya Pili ya Kizimba

Kila alfajiri Paskazia alipiga kasia hadi kwenye kizimba chake cha samaki, ziwani Igombe. Aliwatazama sato. Wakihema juu ya maji, alijua hewa ya majini imepungua. Aliwasha pampu ya hewa. Mwaka jana alichelewa siku moja. Nusu ya samaki walikufa.

Mchana alikwenda tena. Jioni tena. Mume wake alikuwa amefariki, kwa hiyo alikwenda peke yake. Nyumbani alisonga ugali wa mtu mmoja. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa Nyamagana, si mbali. Sasa ana miezi mitatu. Paskazia alimsikia akilia kwenye simu tu. Uso hakuujua.

Ndiyo maana alinunua kifaa cha kupima hewa ya majini. Fundi Dorcas alikifunga kizimbani. Wiki ya kwanza, ujumbe ulikuja vizuri kwenye simu yake ya kitochi. Kisha ukakatika. Akamwita Dorcas. Wakaenda pamoja kwa mtumbwi.

"Mama, hili debe la nini?"

"Nimekifunika. Wezi."

"Umekifunika kwa bati! Mawimbi ya simu hayapiti humo."

"Kumbe! Nimekipigia mara nne. Nikasema kina kiburi."

Dorcas alicheka. "Kina laini ndani, lakini hakiongei. Kinapima, kinatuma ujumbe mfupi sana kupitia mnara wa simu, kisha kinalala. Kinaamka tena baadaye. Ujumbe mdogo unafika mbali na hauli umeme mwingi. Betri inaweza kukaa hata miaka, bila kuchajiwa."

"Na wezi?"

"Kifunge kwa mnyororo. Antena iwe wazi, juu ya maji." Akalitoa debe. Muda si mrefu simu ya Paskazia ikalia. Hewa ilikuwa nzuri.

"Sasa nipe namba ya pili ya kutumiwa ujumbe," alisema Dorcas. "Kifaa kinatoa habari tu. Hakiwashi pampu. Ukiwa mbali, nani atawasha?"

Paskazia aliipekua simu. Kulikuwa na namba ya binti yake, Gladness, aliyeko Nyamagana na mtoto. Kulikuwa na namba ya marehemu mumewe, ambayo hajaifuta.

"Sina."

"Kizimba kile ni cha nani?"

"Machibya. Tunasalimiana tu. Tangu msiba sijamwomba mtu kitu."

"Leo utamwomba. Piga kasia."

Machibya alikuwa akiwalisha samaki wake. Paskazia alieleza kwa sauti ndogo.

"Mama Gladness," alisema Machibya, "mwaka mzima nakuona unapita hapa peke yako. Nilidhani hutaki watu."

"Nami nilidhani hakuna anayeniona."

"Haya, andikeni namba yangu. Na pampu yako nionyeshe inavyowashwa."

Jumamosi Paskazia alikwenda Nyamagana. Alikuwa amempakata mjukuu simu ilipolia. Hewa imeshuka! Akampigia Machibya. Nyuma ya sauti yake pampu ilinguruma.

"Ujumbe umenifikia, mama. Niko kizimbani kwako. Samaki wako siwalishi mpaka hewa irudi, maana wakila wanahitaji hewa zaidi. Wewe tulia."

Baada ya saa moja ujumbe mwingine uliingia. Hewa imepanda.

"Mama, unarudi leo?" aliuliza Gladness.

Paskazia alimlaza mtoto begani.

"Kesho kutwa," alisema. "Nipe khanga nimbebe."